Maswali na Majibu: Saraundi kwa Masikio Yaliyokula Chumvi

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji wa umri mkubwa, watu waliopenda redio na santuri tangu ujana wao na sasa wanataka sauti nzuri ya filamu sebuleni. Tumeyafupisha kidogo.

Nina miaka 68. Nikitazama filamu nasikia milipuko na muziki vizuri, lakini maneno ya waigizaji yananipita. Kijana wangu anasema ninunue spika kubwa zaidi. Nianzie wapi? – Mzee wa Buruburu

Spika kubwa ziache kwanza, mzee. Umri hupunguza usikivu wa masikio kuanzia sauti nyembamba kwenda chini. Irabu ziko chini na zina nguvu, kwa hiyo unajua kabisa kwamba mtu anaongea. Sauti kama s, f, sh na th ziko juu, nyingi kati ya 2,000 na 8,000 Hz (mitetemo kwa sekunde), na ni hafifu. Hizo ndizo zinazotenganisha neno moja na jingine. Ukiongeza sauti yote, unaongeza na milipuko, kisha unaipunguza, na maneno yanapotea tena.

Katika saraundi ya 5.1, yaani spika tano pamoja na moja ya besi, karibu mazungumzo yote hupitia spika moja, ile ya katikati. Hapo ndipo pa kuweka pesa na bidii. Ingia kwenye menyu ya risiva, kile kifaa kinachopokea sauti na kuendesha spika zote, tafuta viwango vya spika, uongeze ya katikati kwa desibeli 2, kisha 3 au 4 ikihitajika. Ukipita hapo, sauti za watu huanza kujitenga na picha. Washa pia mpangilio unaobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kwenye risiva nyingine umeandikwa DRC, kwingine Night au Dynamic Volume.

Halafu tazama spika yenyewe imekaa wapi. Mara nyingi tunaikuta imesukumwa ndani ya kabati la TV, inaimbia magoti. Ivute hadi ukingo wa mbele wa rafu, uiinue mbele kwa vipande vya mpira mpaka uso wake uelekee masikio yako, ambayo ukiwa umeketi yako kama mita moja kutoka sakafuni. Hilo halina gharama, na mara nyingi hushinda spika mpya.

Taarifa ya habari na video nyingi za YouTube huja kwa stereo, hazina chaneli ya katikati. Chagua Dolby Surround, au Pro Logic II kama risiva ni ya zamani, ili sauti ya msomaji wa habari ihamishiwe spika ya katikati. Mipangilio kama Hall na Stadium hutia mwangwi ambao hauna faida yoyote kwako.

Siku ukinunua spika nyingine ya katikati, chukua ya kampuni na familia ileile na spika zako za mbele. Zile zenye wufa (spika za besi) mbili zilizolala na twita (spika ya sauti nyembamba) peke yake katikati husikika vizuri kwa anayeketi mbele yake tu. Anayeketi pembeni hupoteza sehemu ya maneno. Yenye spika ndogo ya sauti za kati iliyowekwa chini ya twita ni bora kwa familia iliyotapakaa kwenye viti.

Na nenda upimwe masikio. Hospitali kubwa kama Kenyatta ina kliniki ya masikio, pua na koo. Sikio moja likififia ghafla, usingoje hata wiki: hilo ni la kumwona daktari siku hiyohiyo.

Navaa vifaa vya kusikia masikio yote mawili. Je, nivitoe ninaposawazisha spika? – Mama wa South C

Maikrofoni ya risiva, ile inayopima spika wakati wa kusawazisha, haijali umevaa nini, kwa hiyo hatua hiyo iendeshe kama kawaida: maikrofoni juu ya tripodi, kimo cha masikio, mahali unapoketi, watu wote kimya. Usiilaze kwenye mto wa kiti. Marekebisho ya mkono yanayofuata ndiyo uyafanye ukiwa umevaa vifaa. Mwombe mtaalamu wako akutengenezee programu ya muziki, kwa sababu programu ya kawaida huchukulia muziki na mvumo wa filamu kuwa kelele na kuubana.

Ukitaka sauti iingie moja kwa moja kwenye vifaa huku wengine wakisikiliza spika, jaribu kupeleka sauti ya TV kwa risiva kupitia HDMI ARC (tundu la HDMI linalorudisha sauti kutoka kwenye TV) na kwa kisambazaji, kile kinachorusha sauti bila waya hadi vifaa vyako, kupitia kebo ya optikali. TV nyingine hutoa zote mbili kwa pamoja, nyingine hufunga moja. Lijaribu hili dukani kabla ya kulipa. Sauti ya kisambazaji ikichelewa nyuma ya spika, utasikia kila neno mara mbili. Hapo ongeza ucheleweshaji wa sauti kwenye risiva mpaka zikutane, mradi sauti isiachwe nyuma na midomo ya waigizaji.

Luthuli Avenue nimeona risiva iliyotumika Marekani, bei karibu nusu ya nyingine iliyotoka Uingereza. Muuzaji ameibadilisha plagi. Nichukue? – Msomaji, Donholm

Plagi haibadilishi kilicho ndani. Geuza risiva, usome bamba la nyuma. Ukikuta 120V 60Hz, ni ya soko la Marekani. Ikiwa 100V, ni ya Japani. Stima yetu ni volti 240, Hz 50. Ukiichomeka ya volti 120 kwenye soketi ya nyumbani, ukibahatika itakata fyuzi. Usipobahatika utachoma sehemu nzima ya kupokea umeme.

Kuna njia ya transfoma ya kushusha volti, lakini ihesabu kwenye bei. Soma wati zilizoandikwa kwenye bamba, uzizidishe mara mbili: risiva ya wati 400 inahitaji transfoma ya VA 800 hadi 1,000, tena nzito ya shaba, kwa sababu zile nyepesi za bei ya chini hazifikii kile zinachojitangazia. Hata hivyo transfoma haibadilishi Hz. Chuma cha ndani ya risiva kilichopimiwa Hz 60 hubeba mzigo wa sumaku wa takriban asilimia 20 zaidi kwenye Hz 50, kwa hiyo kitapata joto zaidi. Na kama una mashine ya santuri ya Marekani yenye mota inayofuata Hz, itazunguka polepole kwa kiasi cha sehemu moja ya sita. Hapo hata mwimbaji unayempenda hutamtambua.

Ushauri wetu: lipia ile ya Uingereza, isipokuwa kama ya Marekani ina swichi ya kiwandani ya kuchagua volti.

Vyovyote vile, ijaribu kwa saa nzima palepale dukani. Nenda na kebo yako ya HDMI na dekoda ndogo, upime kila tundu la HDMI, moja baada ya jingine. Lisilotoa picha ni dalili ya ubao wa HDMI kuharibika, na ubao huo ni mgumu kupata, achana nayo. Piga mlio wa majaribio kwenye kila chaneli. Kisha punguza sauti iwe ndogo sana usikilize kwa makini: chaneli ikikwaruza au ikipotea, halafu ikarudi ukiongeza sauti, rilei ya spika, swichi ya ndani inayoiunganisha, imechakaa. Hiyo fundi hubadilisha bila shida, na wewe unapata sababu ya kupunguziwa bei. Dai pia rimoti na maikrofoni yake, kwa sababu maikrofoni ya kampuni nyingine hupotosha vipimo.

Usiogope risiva isiyopitisha picha za 4K. Chomeka dekoda moja kwa moja kwenye TV, sauti uirudishe kwa ARC au optikali. Dolby Digital ya 5.1 hupita humo bila tatizo. Na usiwashe chochote bila gadi ya TV, ile inayosubiri kidogo kabla ya kurudisha stima, kwani stima ikipotea hurudi kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoua vifaa.

Nina spika mbili kubwa na amplifaya ya stereo vya miaka ya 1980. Watoto wanataka nivitupe ninunue seti nzima yenye spika tano. – Msomaji, Umoja

Usivitupe. Seti nyingi za sanduku moja huja na spika za ohm 3 na plagi za kipekee, kwa hiyo kifaa kikuu kikifa, spika zake hazifai kuunganishwa na risiva ya kawaida inayotaka ohm 6 au zaidi. Na usidanganywe na "wati 1,000" kwenye boksi. Soma bamba la nyuma: kifaa kinachovuta wati 150 ukutani hakiwezi kutoa 1,000 mfululizo.

Toa vitambaa vya spika zako, utazame pete inayozunguka wufa. Ikiwa ni ya mpira au kitambaa, huenda iko salama. Ikiwa ni sponji, iguse kwa kidole: ikinata au ikimeguka kama keki iliyokauka, imekwisha. Pete huuzwa peke yake, lakini usiagize kwa kusema "inchi 8" tu. Pima kwa milimita kipenyo cha koni na kipenyo cha ndani cha fremu. Gundi ya zamani iondolewe yote, pete ikae katikati barabara, na spika isiguswe kwa saa 24. Pete ikienda upande, koili itasugua sumaku. Sukuma koni polepole kwa vidole vya mikono miwili. Ukisikia mkwaruzo, kazi irudiwe. Fundi akiwa amefungua, abadilishe na kapasita za krosova (sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita) ambazo ni za maji: ziwe zisizo na chanya wala hasi, mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi.

Amplifaya nayo ina kazi. Tafuta risiva yenye matundu ya PRE OUT ya spika za mbele, yanayotoa sauti kabla haijakuzwa, uyaunganishe na tundu la AUX la amplifaya. Weka kitufe cha sauti cha amplifaya kwenye saa sita, alama ikielekea juu, besi na trebo katikati, ubandike utepe wa alama hapo, ndipo usawazishe. Mtu akikizungusha kitufe hicho baadaye, spika za mbele zitaachana na zingine. Kamwe usifunge spika moja kwenye amplifaya mbili kwa wakati mmoja.

Ukikosa spika ya katikati inayolingana nazo, sema kwenye menyu kwamba haipo. Risiva itagawa mazungumzo kwa spika mbili za mbele, na anayeketi katikati atayasikia kama yanatoka kwenye picha.

Sebule yangu ni mita 3.6 kwa 4.8, kochi limeegemea ukuta wa nyuma. Niweke 5.1, 7.1 au Atmos? – Msomaji, Lang'ata

5.1. Spika mbili za nyuma ambazo 7.1 huongeza zinahitaji angalau mita moja nyuma ya kochi, na wewe huna. Spika za mbele zikae mbali baina yao kama ulivyo mbali nazo, au pungufu kidogo. Za pembeni ziwe nyuma kidogo ya masikio, nyuzi 110 hivi ukihesabu kutoka TV. Kwa kuwa kochi limegusa ukuta, zipandishe hadi mita 1.6 au 1.8 ili mtu wa mwisho asipigwe na spika sikioni.

Atmos huongeza sauti za kutoka juu. Spika zake zinazorusha sauti darini hutaka dari bapa, na hisia ya sauti kutoka juu hutegemea zaidi masafa ya juu, yale yale ambayo umri umeshayapunguza. Pesa hizo nunua zulia zito la mita 2 kwa 3 uweke kati ya kochi na TV, pamoja na mapazia mazito. Sebule yenye vigae, kuta za saruji na vioo huvuruga maneno vibaya sana.

Nyaya za spika za bei ghali zina faida? – Msomaji, Ngara

Hakuna. Shaba ya milimita 1.5 za mraba inatosha spika ya ohm 8 kwa mita 10. Kwa ohm 4, chukua 2.5. Kwangua uzi mmoja kwa wembe kabla ya kununua: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba.

Mgongo wangu hauwezi kubeba vitu vizito, na rimoti ina vitufe vidogo visivyosomeka. – Mzee wa Kariobangi South

Chagua risiva ya kilo 8 hadi 10, si 20. Iweke kwenye rafu ya kimo cha kiuno, wazi kwa nyuma, na nafasi ya sentimita 10 au zaidi juu yake ipumue. Bandika jina kwenye ncha zote mbili za kila waya, kisha piga picha ya mgongo wa risiva kwa simu. Washa HDMI CEC ili rimoti ya TV iendeshe sauti na kuwasha kila kitu. Ile ya risiva ikae droo.

Naishi ghorofa ya tatu na jirani wa chini analalamika kuhusu wufa, ile spika ya besi inayokaa peke yake. – Msomaji, Kileleshwa

Ana haki, na kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ziko upande wake. Mikeka ya mpira huzuia vyombo kutetemeka, lakini besi ya chini hupita kwenye zege hata hivyo. Anza kwa kutafuta mahali pazuri, maana wufa iliyo pazuri huhitaji sauti ndogo. Iweke juu ya kochi mahali unapoketi, piga wimbo wenye besi tulivu isiyobadilika, kisha mjukuu apitishe simu yenye programu ya kupima sauti karibu na sakafu kando ya kuta. Pale kipimo kilipo cha wastani, si kilele wala shimo, ndipo pa wufa. Kwenye menyu ya risiva krosova, mpaka ambapo besi huachiwa wufa, iwe 80 Hz kwa spika zote, na usiku ishushe wufa desibeli 3 hadi 6.

Ukikosa mtikisiko, kuna kitikisa kiti: mota ndogo inayofungwa chini ya kochi na kuendeshwa na amplifaya yake. Ifunge kwa skrubu kwenye mbao za fremu, uweke miguu ya mpira laini chini ya kochi ili mtikisiko usiingie sakafuni, na uanze na sauti ya chini kabisa.