Land Rover ya sura ya kijeshi hapa Mombasa: anza chini, rangi baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama ile Land Rover Series III fupi uliyoinunua shambani Kilifi inaweza kugeuzwa iwe na sura ya kijeshi, uanzie wapi, na kama ni sawa kuipiga madoadoa ya jeshi. Mimi nimefufua moja kama hiyo, 88 (yaani inchi 88 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), na naiendesha hapa Mombasa mpaka leo, kwa hivyo uniwie radhi nikikujibu kwa urefu. Kubwa ninalotaka kukwambia ni kwamba turubai, debe la mafuta na rangi ya kijani ni kazi ya mwisho. Usitoe hata shilingi kwa vitu hivyo kabla hujaijua chesisi yako.

Watu huiona bodi haina kutu wakadhani gari zima liko salama. Bodi ya Land Rover hizi ni alumini, lakini chesisi ni chuma, kisanduku cha bati la unene wa kama milimita 2, nacho huoza kuanzia ndani. Pwani yetu haina huruma na chuma cha namna hiyo. Upepo wa bahari huleta chumvi, chumvi huvuta unyevu, na unyevu hulala ndani ya boriti ambako mkono haufiki. Chukua nyundo ndogo ulale chini ya gari, ugonge kila sehemu. Chuma kizima hulia, kilichooza hutoa mlio mfu, na pengine nyundo itatoboa. Usikose kugonga boriti ya nyuma, ile mikono ya pembeni inayobeba ukuta wa mbele (ule unaotenga injini na miguu ya dereva), na pale springi zinaposhikwa. Ukikuta chesisi imepakwa lami nzito, usifurahi. Ikwangue yote, kwa sababu lami huficha mengi, hata viraka vilivyochomelewa juu ya kutu.

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalifikirii. Namba ya chesisi imegongwa mbele upande wa kulia, kwenye ncha inayoshika springi, na ncha hiyo ni miongoni mwa sehemu zinazooza sana. Fundi akiikata na kuchomelea mpya, namba imekwenda na takataka, halafu siku ya ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, huna la kusema. Kabla moto haujawashwa, isafishe namba, ipige picha, ilinganishe na logibuku. Ikiwa kipande chenye namba bado kina nguvu, mwambie fundi aimarishe kando yake na akiache kipande chenyewe mahali pake. Uzito wa jambo hili unatokana na kwamba huwezi kuagiza gari jingine zee kutoka nje, maana Kenya hairuhusu gari lililotumika kuingia likiwa na zaidi ya miaka 8. Hizi zilizoko nchini, zenye namba za zamani zisizo na herufi mwishoni, ndizo hizo tulizo nazo. Kila moja inayopoteza karatasi zake imepotea kabisa, na hilo mimi huniuma.

Chesisi ikishatengenezwa, kinga yake bora ni kuchovywa katika zinki ya moto. Lakini zinki huyeyushwa kwenye joto la nyuzi 450 hivi, kwa hivyo kila boriti lazima iwe na matundu ya kuingiza zinki na kutoa hewa. Hewa na maji yaliyofungiwa ndani yanaweza kulipuka. Kama huna njia ya kuchovya, fanya nilivyofanya mimi: rangi yenye zinki nje, na ndani ya boriti nta ya kuzuia kutu iliyopulizwa kwa mpira mrefu hadi ikatiririka kwenye matundu ya chini. Nta hii hurudiwa kila mwaka. Oili chafu ya injini, ambayo wengi hapa hupaka, huondoka na mvua na huharibu mipira.

Sasa bodi. Alumini haipati kutu nyekundu, lakini ikigusana na chuma penye maji ya chumvi huliwa, na huacha unga mweupe. Utauona chini ya milango, kwenye kingo za sakafu ya nyuma na kuzunguka kila riveti ya chuma. Ukipiga fila juu ya unga huo, utaufungua tena masika yajayo. Kata hadi ufikie alumini safi, uchomelee kipande kipya kwa gesi ya agoni (mashine ya kawaida ya kuchomelea chuma haitafaa), na kila mahali alumini inapokutana na chuma weka utepe wa mpira au dawa ya kuzibia. Tumia riveti za alumini. Praima, rangi ya kwanza ya chini, iwe ile ya kushika alumini, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la muhogo.

Ule ukuta wa mbele ni chuma, na mara nyingi pale miguu inapokaa huwa pametoboka. Ukiwa umeufungua, itazame rilei ya usukani, kiungo kinachopitisha mzunguko wa usukani kwenda kwenye magurudumu, iliyo ndani ya boriti ya mbele. Ikikosa oili hukaza, usukani ukawa mzito, nawe utazilaumu springi za gari bure. Isifunguliwe na mtu asiyeijua: ndani mna springi kali iliyobanwa, na ikiruka inaumiza.

Injini haitakusumbua sana. Ile ya petroli ya 2286 cc ni ngumu na rahisi kuelewa. Kama kichwa chake hakijafunguliwa miaka mingi, weka viti vigumu vya vali za kutolea moshi, kwani petroli yenye risasi iliondolewa kufikia mwanzo wa 2006 na viti laini vya zamani huliwa pole pole bila risasi ile. Waya badilisha zote. Taa zikiwa hafifu, kisa mara nyingi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, kwa sababu umeme hurudi kupitia bodi na bodi yenyewe imejaa unga mweupe. Peleka waya wa athi wa peke yake hadi kila taa.

Turudi kwenye ujeshi wenyewe. Chagua mfano mmoja uufuate. Wengi huchanganya kila kitu, na gari hubaki halina asili. Kwa chesisi fupi, mfano wa kuusoma ni ile iliyopewa jina la Lightweight, iliyoundwa kwa jeshi la Uingereza kati ya 1968 na 1984. Ilipunguzwa upana kwa inchi 4 hivi, na bodi yake ya juu, milango, kioo cha mbele na bampa vikafanywa vya kufunguka haraka ili helikopta iweze kuinyanyua. Ikiwa na vitu vyake vyote ilikuwa nzito kuliko 88 ya kawaida. Wepesi wake ulikuja kwa kuvuliwa, na hapo ndipo pa kujifunza: vitu vya jeshi viliwekwa kwa sababu ya kazi. Spea tairi juu ya boneti huacha nafasi nyuma. Ile taa ndogo ya nyuma inayomulika difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) iliyopakwa rangi nyeupe ilimwezesha dereva anayefuata kuandamana na mwenzake usiku bila taa kubwa. Mimi niliiweka, na kila anayeniuliza namweleza kazi yake kwa furaha.

Usiifanye ya volti 24. Magari ya jeshi yaliyobeba redio yalikuwa hivyo, yakiwa na mfumo wa plagi uliozibwa usisumbue mawasiliano. Vipuri vyake ni taabu kupata, na wewe huna redio ya kulisha.

Turubai mpe fundi anayeshona maturubai ya malori, na uchague la pamba lililotiwa nta. Lile la plastiki huzuia hewa, na kwa joto letu ndani hapakaliki. Ziba ncha za mabomba yanayobeba turubai, maji yasiingie.

Kuhusu madoadoa, mimi sikuyapiga na nakusihi usiyapige. Tuna kambi ya wanamaji Mtongwe na kambi ya jeshi Nyali, na barabara zetu zina vizuizi vya polisi. Askari aliye kazini hawezi kukisia kwamba wewe ni mpenzi wa magari ya kale. Nembo, namba na maandishi ya KDF, jeshi la Kenya, usiyaguse kabisa. Kijani kilichoiva cha rangi moja, kisichong'aa, kinatosha kulipa gari heshima yake, na kama rangi ya kwenye logibuku ni nyingine, badilisha rasmi kwa NTSA kabla ya kuingia barabarani. Upigaji rangi uupange Januari au Februari, wakati wa kaskazi. Masika unyevu hufungiwa chini ya rangi na malengelenge huja yenyewe.

Rangi isiyong'aa hushika chumvi zaidi, kwa hivyo gari lioshwe kwa maji matamu, na chini pia. Visima vingi vya kisiwani maji yake ni ya chumvi, na kuliko kuliosha kwa hayo, afadhali usilioshe.

Nitumie picha nne: ncha ya mbele ya kulia yenye namba, boriti ya nyuma kwa chini, sakafu ya miguu ya dereva ukiwa umeondoa mkeka, na kingo za chini za milango. Nikiziona nitakwambia kama hiyo chesisi ni ya kuchomelea au ya kutafutiwa nyingine.