Umeachiwa Peugeot 504 hapa Lubumbashi? Usianze na rangi

Karibu kila mtu anayepata gari la zamani mjini kwetu, awe ameachiwa na mzazi au amelinunua kwa mzee wa mtaa wa Makomeno, jambo la kwanza analofanya ni kulipeleka kwa tolie (fundi wa bodi) lipigwe rangi mpya. Nakuomba, ndugu, usifanye hivyo. Rangi ya kiwandani, hata ikiwa imepauka na kukwaruzika, ikishaliwa na msasa hakuna garaji itakayoirudisha. Utapata inayofanana nayo, pengine hata inayong'aa zaidi, lakini ile ya kwanza imekwenda. Na kama ilivyo kwa rangi, ndivyo ilivyo kwa viti, dashibodi, taa na waya. Gari hupoteza asili yake kidogo kidogo, kila mara kwa nia njema.

Nitasema zaidi juu ya Peugeot 504 kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono. Mwenye Peugeot 404, Coccinelle ya Volkswagen, Mercedes W123 au Land Rover ataona kazi ni ile ile. 504 ilitoka mwaka 1968, mwaka uliofuata ikachaguliwa gari la mwaka barani Ulaya. Umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, na ziliundwa zaidi ya milioni 3. Wingi huo ndio uliozimaliza: kila mwenye nayo aliona nyingine itapatikana tu, akaikata, akaigeuza, akaiuza vipande vipande. Ujue pia kwamba hazikutoka Ufaransa peke yake. Ziliunganishwa Kaduna huko Nigeria na Mombasa huko Kenya pia. Kwa hiyo kabla hujasema taa fulani au kitambaa fulani si cha asili, tafuta kwanza gari lako liliunganishwa wapi.

Kazi ya kwanza inahitaji daftari na simu yako tu. Kabla fundi hajashika spana, piga picha gari likiwa na uchafu wake: chini ya kapo (boneti), chini ya zulia la buti, mahali waya zinapopita, klipu zilivyofungwa, mikunjo ya mipira ya milango. Nakili nambari ya shasi na nambari ya moteri, uzilinganishe na karti roze (kadi ya usajili wa gari). Ukitoa ubao wa ndani wa mlango utakuta rangi ambayo jua halijawahi kuigusa. Ikiwa ni tofauti na ya nje, umejua gari limewahi kupigwa rangi nyingine. Usidharau vitu vidogo pia. Kibati cha muuzaji chenye jina Élisabethville kwenye 404 kinakuambia kwamba kibati hicho ni cha kabla ya 1966, mji ulipobadilishwa jina. Nimeona vibati vya namna hiyo vikitupwa pamoja na takataka za garaji, na huwa inaniuma.

Kuna shirikisho la kimataifa la magari ya zamani, FIVA, lililoanzishwa mwaka 1966. Kwao gari linahesabiwa kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30, likitunzwa katika hali sahihi ya wakati wake, na lisiwe la kukimbilia kazini kila siku. Hati yao ya Turin inasisitiza mambo mawili ambayo hata asiye na pesa anayaweza: badiliko lolote lifanywe kwa namna ya kuweza kuondolewa baadaye, na piesi (kipuri) ya asili iliyotolewa itunzwe pamoja na gari. Ukitaka muziki wa simu, usikate dashibodi. Weka redio mpya ndani ya kijisanduku cha mbele ya abiria na uiache ile ya zamani mahali pake. Ukitaka taa zenye nguvu zaidi, tumia matundu yaliyopo, usitoboe bati jipya.

Piesi zilizotolewa ziwekee sanduku, kila moja na karatasi yake. Hata iliyovunjika inafaa, maana ndiyo utakayoibeba kwenda kulinganisha vipimo. Na linda radieta yako ya zamani kuliko kitu chochote. Ile ni ya shaba na shaba nyeupe, inachomelewa na kutengenezwa tena na tena, tofauti na zile mpya za alumini zenye kichwa cha plastiki ambazo zikipasuka ni za kutupa. Katika mji huu wanunuzi wa vyuma chakavu wanajua bei ya shaba vizuri sana. Ukiiacha radieta kwenye kona ya garaji usiku mmoja, usishangae kesho ukiambiwa haionekani.

Sasa vumbi. Kiangazi chetu kinaanza Mei mpaka Septemba na zaidi, na lile vumbi jekundu linaingia kila mahali. Wengi wanaliona kwenye viti na kwenye kioo, wanafuta, wanaridhika. Linaloharibu gari ni lile lisiloonekana, lililoshuka ndani ya milango na kukaa chini kabisa, kwenye matundu madogo ya kutolea maji. Linakaa pale kavu miezi mitano bila madhara. Mvua za kwanza zikinyesha, maji yanayopita kando ya kioo cha mlango yanashuka ndani, yanakuta tundu limezibwa, vumbi linageuka udongo mzito, na udongo ule unashika maji kwenye bati mpaka Aprili. Ndiyo maana milango mingi ya 504 huoza kuanzia ndani, na mwenyewe anashtuka tu siku rangi inapovimba.

Dawa yake haina gharama. Septemba ikiisha, kabla mawingu hayajakusanyika, pita ukingo wa chini wa kila mlango kwa kidole utafute matundu. Yazibue kwa kijiti au kipande cha plastiki, usitumie bisibisi kwa sababu inakwangua rangi na kutu inaanzia hapo hapo. Kisha mimina maji taratibu kutoka juu, kando ya kioo, utazame: yanapaswa kutoka chini mara moja, mwanzo mekundu, halafu safi. Acha milango wazi juani ikauke kabisa, ndipo upulizie ndani nta ya kuzuia kutu. Fanya hivyo pia kwenye vizingiti, na chini ya kioo cha mbele mahali hewa inapoingilia, kwa sababu majani ya mwembe na maua ya jakaranda hujazana humo. Wengine hupaka mafuta machafu ya moteri chini ya gari. Acha kabisa: mafuta hayo yanalegeza mipira na yanakamata vumbi zaidi.

Jambo la pili ambalo nataka ulishike ni joto la moteri, maana hapa ndipo 504 nyingi zilipouawa. Utaambiwa kwamba Afrika ni moto, basi termostati, kile kizibo kinachozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka moteri ipate joto, itolewe itupwe. Anayesema hivyo asubuhi ya Juni anavaa koti zito. Bila termostati moteri inachukua muda mrefu kupata joto lake, mafuta yanabaki mazito, silinda zinalika, petroli inakwenda bure. Termostati ikikwama, nunua nyingine. Lubumbashi iko kwenye mita kama 1200 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ni kifuniko cha radieta kinachoshika shinikizo. Kifuniko kilicholegea, au kile cha kubahatisha kilichotoka gari lingine, kinatosha kukuunguzia gasketi ya kichwa. Kichwa cha 504 ni alumini, bloku ni chuma, radieta ni shaba, na maji matupu ya bomba yakizunguka kati ya metali hizo tatu yanaila ile alumini polepole. Tumia maji safi yaliyochanganywa na dawa ya radieta hata kama kwetu hakuna barafu. Unachotafuta ni ile kinga ya kutu iliyomo ndani yake.

Halafu feni. Peugeot za wakati ule nyingi zina feni inayoshika kwa sumaku ya umeme: maji yakipata moto inashika, yakipoa inaachia. Ikiacha kushika, fundi wengi huifunga moja kwa moja kwa skrubu, au wanaiondoa na kufunga ya umeme ya gari la Kijapani. Angalia kwanza yale madogo: kaboni iliyokwisha, waya uliokatika, kiwashio cha joto kilichokufa kwenye radieta. Mara nyingi ni kimoja kati ya hivyo, na mfumo wa asili unarudi kufanya kazi bila kutoboa chochote.

Kwenye kabureta ya Solex nitakuwa mfupi. Vijeti vya shaba, vile vidude vyenye tundu la kupitishia petroli, vina nambari iliyogongwa, na nambari hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita. 130 ni milimita 1.30. Kikiziba, kipulize kwa hewa, usikichokonoe kwa waya wa chuma, kwani tundu likipanuka hata kidogo gari linakula petroli na kutoa moshi mweusi, nawe utadhani moteri imechoka. Kwa urefu wetu hewa ni nyepesi, na kijeti kidogo kidogo kuliko cha asili kinaweza kufaa. Ukibadilisha, kile cha asili kinakwenda kwenye sanduku.

Ukisugua rangi kwa polishi na kitambaa kikatoka na rangi ya gari, usiogope, ni kawaida kwa rangi za zamani za safu moja zisizo na vanishi juu yake. Ila ujue kila msuguo unapunguza, kwa hiyo mara chache, kwa mkono, kisha nta. Viti vya skai (ngozi bandia) vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini.

Kuna mahali ambapo asili haina usemi, nako ni breki, pine (matairi) na mikanda ya usalama. Mipira ya breki iliyopasuka ibadilishwe leo. Mafuta ya breki yanavuta unyevu kutoka hewani, yamwagwe na kujazwa upya kila baada ya miaka miwili. Pine isome ubavuni: tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT ni wiki na mwaka, 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Kashata (meno ya pine) nzuri kwenye pine ya miaka kumi na tano haikuhakikishii chochote. Nunua mpya, lakini za kipimo cha asili, rimu ya 14. Na ikiwa gari lako lilipita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, likiwa na usukani wa kulia, liache hivyo hivyo. Kuhamisha usukani ni kukata bati na waya ambazo hazitaunganishwa tena kama zilivyokuwa.

Kuhusu fundi, tafuta mzee aliyezifanyia kazi gari hizi zilipokuwa bado za kila siku. Mwambie kwa heshima, "Papa, naomba nikae hapa nitazame, nataka kujifunza." Wengi watafurahi, watakuletea hata kiti. Mkubaliane bei kabla hajafungua kitu, mkubaliane pia kwamba hatabadilisha piesi bila kukuonyesha ile ya zamani kwanza, na kwamba zote zilizotolewa unarudi nazo nyumbani.