Maswali ya Wasomaji: Gando Jekundu la Naivasha

Barua za mwezi huu zimekuja na magando: zinamhusu kreifishi, mnyama wa maji baridi afananaye na kamba mkubwa mwenye magando. Tumezipanga kuanzia Naivasha, maana huko ndiko mambo yalikoanzia, kisha tukateremka nazo hadi Kisumu na nyanda za Kano.

Nyavu zangu za tilapia hutoka na kreifishi wa namna mbili. Wakubwa ni wekundu kama pilipili iliyoiva, wadogo ni kijani cha matope. Wenzangu wanasema ni aina mbili tofauti na wale wa kijani wameletwa juzi. Ni kweli? – Mvuvi, Karagita

Aina ni moja. Huyo ni kreifishi mwekundu wa Louisiana, ambaye wanasayansi humwita Procambarus clarkii. Akiwa mchanga huwa kijivu au kijani, na wekundu humjia akikomaa. Basi rangi iweke kando. Mshike kifuani, nyuma ya magando, kwa kidole gumba na cha shahada, naye hataweza kukufikia.

Tazama mgongo kwanza. Kwenye gamba la kifua, nyuma ya ule mfuo unaotenga kichwa, kuna mistari miwili inayoelekea mkiani. Kreifishi wa aina nyingi wana nafasi kati ya mistari hiyo, kama njia ya miguu. Kwa huyu mistari imegusana na njia hakuna. Hiyo ndiyo alama tunayoiamini kuliko zote, maana haibadiliki kama rangi. Kisha magando: ni marefu na membamba, yamepinda kidogo kama herufi S, na kwa aliyekomaa yamejaa vipele vyekundu. Juu ya mkia mara nyingi kuna ufito mweusi wenye umbo la kabari. Mtu mzima hupimwa sentimita 5.5 hadi 12 kutoka ncha ya pua hadi mwisho wa mkia.

Ukimpata dume mwenye mwili wa kijani-buluu na doa jekundu laini kwenye ukingo wa nje wa gando, huyo ni mwingine kabisa. Ni Cherax quadricarinatus wa Australia, aliyekwisha kuenea Zambia na Zimbabwe. Usimrudishe majini. Mpige picha ya mgongo na ya tumbo, rula ikiwa kando yake, umpeleke kwenye ofisi ya uvuvi.

Na kwa wanaosema kreifishi ni mwenyeji: bara la Afrika halina kreifishi wake wa asili hata mmoja. Wa asili wako Madagaska. Huyu wa Naivasha aliletwa mwaka 1970 kutoka Uganda, ambako naye alikuwa mgeni, na kufikia 1975 alikuwa akivuliwa kwa biashara ya kupelekwa Ulaya. Faida ilionekana mapema, hasara ikafuata nyuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yungiyungi na mimea mingi iliyoota chini ya maji ilikuwa imetoweka ziwani. Kreifishi hali shina lote. Hulikata na kuliacha lielee, kwa hiyo uharibifu wake hupita tumbo lake.

Matuta ya mpunga yanavuja. Nimekuta mashimo na ndani yake mnyama mwenye magando. Jirani amesoma habari za Naivasha na anasema kreifishi wamefika Kano. – Mkulima, Ahero

Kabla ya kumtia hofu kijiji kizima, tazama mkia. Kreifishi ana mkia mrefu ulionyooka nyuma, wenye pingili, na mwishoni una kipepeo cha vipande vitano. Kaa hana. Mkia wake ni kibamba kidogo kilichokunjwa chini ya tumbo, na mwili wake ni mpana kuliko ulivyo mrefu. Mito na mifereji ya magharibi ina kaa wa asili wa maji baridi, jamii ya Potamonautes, nao ni wachimbaji hodari. Tukisoma barua yako, tunaona huyo ndiye wako.

Shimo lenyewe hutoa ushahidi. Kaa huingia ubavuubavu, kwa hiyo mlango wake huwa umelala, mpana kuliko urefu, na udongo aliouchimba huumwaga mbele ya mlango. Shimo la kreifishi ni duara, na mara nyingi huzungushiwa vidonge vya tope vilivyopangwa kama bomba fupi la moshi. Huteremka sentimita 40 hadi 90. Ukikuta bomba hilo limezibwa kwa tope juu, ndani huenda yumo jike anayengoja kutaga au mwenye mayai.

Kuziba tuta kwa udongo wa juujuu ni kazi bure, kwa kuwa maji hupita chini ya kizibo. Fukua shimo hadi mwisho wake, jaza udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kwa tabaka za sentimita 10, na shindilia kila tabaka kabla ya kuongeza nyingine. Tuta jembamba litatobolewa tena tu, basi ulinenepeshe. Sumu usitie: itaua samaki wa mfereji na kufika kwa wanaoteka maji chini.

Ukibaki na shaka, tega. Chukua mtego wa wavu wenye mdomo wa faneli wa sentimita 5, weka matumbo ya samaki kiasi cha konzi moja, uutie jioni kando ya matete penye kina cha nusu mita, na uutazame alfajiri. Rudia siku tatu mfululizo, maana kreifishi hutembea usiku. Mtego mtupu haujathibitisha kitu, hata hivyo. Jike mwenye mayai hujificha shimoni na hafuati chambo, ndiyo maana mitego hukamata madume zaidi.

Tuongeze hili kwa walio ufuoni: ochong'a, wale wadogo wanaong'aa kama kioo ambao husagwa kwa chakula cha kuku, si watoto wa kreifishi. Ni kamba wa maji baridi, Caridina nilotica, na hubaki wadogo maisha yao yote. Mtoto wa kreifishi hata akiwa na urefu wa punje ya mchele ana magando yanayoonekana.

Nataka kununua kreifishi hai Naivasha niwafuge kwenye bwawa langu. Nitajuaje dume na jike, na huchukua muda gani kuzaana? – Mfugaji, Bahati, Nakuru

Tutakueleza vyote, kisha utuvumilie kwa jibu usilolitaka.

Mgeuze tumbo juu na uhesabu jozi tano za miguu, magando yakiwa ya kwanza. Dume ana vijiti viwili vigumu vilivyolala kuelekea mbele katikati ya miguu ya nyuma. Akiwa tayari kupanda, huwa pia na kulabu ndogo kwenye mashina ya jozi ya tatu na ya nne. Nje ya msimu wa kupandana kulabu hizo hupungua baada ya kujivua gamba. Watu wengi hapo hukosea wakamwita jike. Jike halisi ana kibonde kidogo chenye ukingo mgumu kati ya jozi ya nne na ya tano. Humo huhifadhi mbegu za dume kwa wiki kadhaa, hata miezi.

Kwa hiyo jike mmoja aliyekwisha kupandwa, akitumbukia mtoni peke yake, anatosha kuanzisha ukoo.

Anapokaribia kutaga, tezi nyeupe huonekana chini ya mkia wake. Hutoa ute unaonata, na mayai hushikamana na vile vijiguu vya kuogelea. Jike mkubwa hubeba mamia, pengine zaidi ya 500. Maji yakiwa na joto la nyuzi 22 hivi, mayai huanguliwa baada ya wiki tatu; maji ya baridi huchelewesha. Hakuna hatua ya kiluwiluwi: hutoka wakiwa kreifishi kamili wadogo, wakamng'ang'ania mama hadi wajivue gamba mara mbili. Baada ya hapo kila mmoja hujitegemea, na mama akikaa nao mahali finyu huweza kuwala.

Hadi kukomaa hujivua gamba mara 11 hivi. Palipo na joto na chakula hukomaa kwa miezi 3 hadi 5. Kabla ya kujivua huweka chokaa tumboni, vijiwe viwili vyeupe kama vifungo vya shati, kisha huvitumia kuimarisha gamba jipya. Kwa saa kadhaa hadi siku chache mwili ni laini, na hapo ndipo wenzake humla. Maji yasiyo na chokaa huwaacha na gamba laini, ukaokota maiti kila asubuhi.

Sasa lile jibu. Usiwahamishe. Kuingiza kiumbe cha majini mahali kisipokuwako kunahitaji kibali cha serikali, na bwawa halimzuii huyu. Matamvua yake yakiwa na unyevu huishi nje ya maji kwa muda mrefu, hutoka usiku wa mvua na kutembea nchi kavu, na hutoboa kingo za bwawa lako. Tayari amepanda mto Malewa kutoka ziwani. Bwawa la Bahati ni ngazi tu ya kuelekea mto mwingine. Fuga tilapia au kambare.

Je, wakitiwa Ziwa Nakuru wataishi? – Mwanafunzi, Njoro

Hapana. Maji yale ni ya magadi, pH yake (kipimo cha uchachu au magadi ya maji) hukaribia 10. Kreifishi hustawi kwenye pH ya 6.5 hadi 8.5. Naivasha ni maji matamu, ndiyo sababu alishika mizizi huko.

Nina hoteli Kisumu na wateja wameanza kumwulizia. Anapikwaje salama? – Mpishi, Milimani

Agiza mikia iliyopikwa au kugandishwa hukohuko Naivasha, usiagize gunia la walio hai. Gunia moja likichanika karibu na mfereji wa Nyando, hakuna wa kuwarudisha.

Anayepika huko Naivasha awaweke kwenye maji safi siku moja, akibadilisha maji, ili utumbo utoke matope. Waliokufa watupwe, maana nyama yao huoza upesi. Maji yachemke kwanza kwa chumvi, ndipo watiwe, na yakichemka tena wahesabiwe dakika 5 au zaidi. Wasiliwe wabichi wala nusu-mbichi, kwa kuwa kreifishi na kaa wa maji baridi huweza kubeba minyoo ya mapafu. Wote hutoka wekundu, hata yule wa kijani, kwani moto hufungua rangi iliyofungwa kwenye gamba. Ndiyo maana picha ya aliyepikwa hatuwezi kuitambulia aina.

Kabla ya kumenya, shika kipande cha katikati cha kipepeo cha mkia, kizungushe, uvute taratibu: utumbo mweusi hutoka nacho. Hesabu bei yako vizuri. Nyama ya mkia ni kama asilimia 15 ya uzito, yaani kilo 10 za wazima hukupa kilo moja na nusu ya nyama.