Ritani ya kwanza Kanada, na nyumba iliyobaki Mombasa

SWALI: Mhariri, salaam. Niliingia Kanada kama mkazi wa kudumu tarehe 12 Septemba 2025 pamoja na watoto wetu wawili. Mume wangu amebaki Mombasa kazini. Mimi niliajiriwa Kenya hadi Agosti. Sasa niko Edmonton, mchana nafanya kazi ghalani na jioni natunza wazee. Nyumba yangu ya Mombasa nimeipangisha. Wenzangu wanasema mwaka wa kwanza mgeni hajazi ritani (tamko la kodi ya mapato). Ni kweli? – Msomaji, Edmonton

JIBU: Si kweli, dada, na ukiwasikiliza utakosa hata fedha za watoto (posho ya serikali kwa wazazi, Canada Child Benefit). Ukazi wako wa kikodi ulianza siku uliyofika kuishi. Tangu 12 Septemba hadi 31 Desemba unatangaza mapato ya popote duniani: mishahara yote miwili na pango la Mombasa. Mshahara wa Kenya wa kabla ya hapo hautozwi kodi Kanada.

Ritani na malipo yake, mwisho ni 30 Aprili 2026. Ukichelewa huku unadaiwa, faini ni asilimia 5 ya deni, na asilimia 1 zaidi kila mwezi mzima hadi miezi 12. Ukurasa wa kwanza una nafasi ya tarehe ya kuingia nchini. Wengi huiruka, wakaonekana wakazi wa mwaka mzima. Kwako tarehe hiyo ina uzito, kwa sababu kiwango cha msingi kisichotozwa kodi ya shirikisho, dola 16,129 kwa 2025, kinagawanywa kwa siku: siku 111 kati ya 365, yaani kama dola 4,905.

Kazi mbili nazo zina mtego. Kila mwajiri alikupa fomu TD1, inayomwelekeza kodi ya kukata kwenye mshahara. Ukidai kile kiwango cha msingi kwa wote wawili, kila mmoja atakata kodi kidogo mno na deni litakungoja Aprili. Kwa mwajiri wa pili andika sifuri. Fomu T4 za mishahara hutoka mwisho wa Februari. Usijaze ritani kwa T4 moja.

Sasa nyumba, maana hapa ndipo watu huumia miaka kumi baadaye. Pango jaza kwenye fomu T776, toa matengenezo na bima, na kama umelipa kodi Kenya kwa pango hilo, dai nafuu ya kodi ya nje kwa fomu T2209 ukiwa na risiti. Kanada inakuhesabu kana kwamba uliinunua nyumba hiyo siku uliyoingia, kwa bei ya soko ya siku hiyo. Tuseme uliijenga kwa shilingi milioni 3, ikawa na thamani ya milioni 8 ulipoingia, kisha ukaiuza milioni 9.5. Faida inayohesabiwa ni milioni 1.5, si milioni 6.5 (tukiacha mabadiliko ya thamani ya shilingi). Bila hati ya mthamini, utathibitishaje ile milioni 8? Mtafute sasa, aandike thamani ya 12 Septemba 2025. Tena, mali za nje zisizo za matumizi binafsi zikizidi jumla ya dola 100,000, ni lazima uzitangaze kwa fomu T1135 kila mwaka. Mwaka wa kwanza wa ukazi umesamehewa. Wa pili haujasamehewa.

Fedha za watoto usisubiri Aprili. Tuma fomu ya maombi, RC66, pamoja na RC66SCH mara moja, na humo ndimo unapoandika mapato yenu ya kabla ya kuja. Nafasi hizo zikibaki tupu, maombi hukwama. Kwa mume aliye nje kuna fomu CTB9 ya kila mwaka, ya kutangaza mapato yake, nayo ikikosekana malipo yanaweza kusimama Julai.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi Ottawa, nina miaka 22, sina kipato. Nijaze ya nini? – Msomaji, Ottawa

JIBU: Kama hudaiwi kodi, sheria haikulazimishi. Jaza hata hivyo. Nafuu ya ada iliyo kwenye T2202 (hati ya ada kutoka chuoni) usiyoitumia mwaka huu utaibeba mbele hadi utakapopata mshahara, lakini lazima itangazwe kwenye ritani. Nafuu ya GST (kodi ya bidhaa na huduma) nayo mgeni asiye na mtoto huiomba kwa fomu RC151. Zipo kliniki za bure zinazojaza ritani za wenye kipato kidogo. Nenda na pasipoti, namba ya SIN (ya bima ya jamii) na kibali chako cha masomo.