Kubabua magugu kwa gesi: wapi inalipa na wapi unachoma hela (uzoefu wa Dodoma)

Mkuu, umeuliza kama ule moto wa gesi uliouona kwenye video, trekta linapita na magugu yanasinyaa nyuma yake, unaweza kukupunguzia vibarua na dawa huko Kongwa. Umesema una eka kadhaa za alizeti na mtama, na kiangazi unasia vitunguu kwenye vitalu. Mimi natumia tochi ya gesi upande wa Hombolo, kwenye bustani ya kumwagilia na chini ya mizabibu, kwa hiyo nakujibu kwa ninachokijua. Kwenye vitalu vya vitunguu, usisite. Kwenye alizeti, sahau. Mtama una maneno yake.

Kuna mchangiaji hapo juu kasema huku ni kuchoma shamba na kuua udongo. Hajaiona kazi yenyewe. Gugu halitakiwi kuungua kabisa. Ukiona linawaka, umeshamwaga gesi bure. Unachofanya ni kulibabua, kama kuku aliyenyonyolewa anavyopitishwa juu ya moto kumalizia vinyoya. Moto unagusa jani chini ya sekunde moja, maji ya ndani yanapata joto, kuta za chembechembe zake zinapasuka. Udongo haupati muda wa kushika joto. Linaishia milimita chache za juu. Ndiyo maana mbegu za magugu zilizolala chini hazifi, na minyoo nayo haifi.

Sasa hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukishapita, jani linabaki kijani vilevile. Mtu anaona hakijatokea kitu, anarudia, anarudia tena, mtungi unaisha. Shika jani moja ulibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kisha uachie. Likibaki na alama ya kidole chako, kijani kilichokolea na chenye unyevu, hilo limekwisha. Jioni utalikuta limelala, na baada ya siku mbili tatu limekauka. Kama halina alama, punguza mwendo kidogo. Mimi kila nikianza kazi nabana majani kwanza hadi nipate mwendo wa siku hiyo, maana hautabiriki: kukiwa na umande au umetoka kumwagilia, moto unapoteza nguvu kukausha maji ya juu ya jani.

Gugu lenyewe liwe dogo. Lenye majani mapana, majani mawili hadi manne, urefu usiozidi vidole viwili, linakufa kwa kupita mara moja: mchicha pori, kishona nguo, mbigili ikiwa bado changa. Likishapita hapo unaliunguza majani tu halafu linachipua. Jamii ya nyasi ni ngumu hata zikiwa ndogo, kwa sababu kichomozo chao, yaani pale majani mapya yanapotokea, kimejificha chini, kimefunikwa. Ndago na sangari ndiyo kabisa. Ndago ina viazi vyake chini, na moto wa juu hauvijui. Utababua leo, wiki ijayo imesimama tena. Kwa ndago bado sijaona kinachoshinda jembe na uvumilivu.

Twende kwenye vitunguu, maana hapo ndipo penye faida. Anayesia vitunguu anajua adha ya kitalu: miche ni myembamba, magugu yanaota nayo pamoja, na unaishia kung'oa kwa vidole, umechuchumaa kutwa, huku ukiondoka na miche. Dawa nyingi kwenye kitalu zinaweza kukuunguzia miche yenyewe. Njia ya gesi ni hii. Tengeneza tuta, sawazisha vizuri, mwagilia kana kwamba umeshasia, halafu acha. Ndani ya wiki moja hadi mbili magugu ya juu yameota. Babua. Usitifue tena, ukitifua unaleta mbegu nyingine juu na umerudi mwanzo. Sia vitunguu vyako kwa kukwaruza vimifereji tu. Kitunguu kinachelewa kuchomoza, na magugu mengine yatakitangulia. Siku moja kabla hakijatoka, unapita na moto mara ya pili.

Utajuaje ni siku moja kabla? Chukua kipande cha kioo cha dirisha, kilaze juu ya pembe moja ya tuta siku unayosia. Chini ya kioo kuna joto zaidi, kwa hiyo pale miche inachomoza siku moja au mbili kabla ya tuta zima. Ukiona vitunguu vimeinua shingo chini ya kioo, hiyo ni siku yako. Fukua kidogo kwa kidole sehemu nyingine uhakikishe, kisha washa. Ukichelewa hadi miche ya tuta zima imetoka, usiwashe tena, tochi kaihifadhi. Karoti ni vilevile, tena karoti ndiyo inachelewa zaidi kuota.

Kwenye zabibu natumia kusafisha chini ya mizabibu iliyokomaa, yenye gome gumu. Mizabibu michanga, ambayo shina bado lina ukijani, usiisogelee. Na kama una mipira ya kumwagilia kwa matone, inyanyue uifunge kwenye waya kwanza. Hiyo ni plastiki, inayeyuka kabla hata gugu halijahisi kitu.

Sasa mtama. Hata mahindi. Kwa wenzetu inafanyika kweli: Marekani walikuwa wakipitisha moto kwenye pamba tangu miaka ya 1940, ikafifia dawa za magugu ziliposhika na mafuta yalipopanda bei miaka ya 1970, na sasa imerudi kwa wakulima wasiotumia kemikali. Mahindi yakishafika majani matano hivi yanavumilia moto ukielekezwa chini ya shina, kwa kuwa kichomozo bado kiko chini ya udongo. Majani ya chini yanababuka na mengine yanatoka kati. Mtama nao unavumilia kiasi, ila si kama mahindi. Alizeti na karanga vichomozo vyao viko juu tangu siku ya kuchomoza, kwa hiyo unaua mmea wako sambamba na gugu.

Lakini hata kwa mtama mimi sikushauri, na sababu yangu kubwa ni udongo wetu. Huu wa kwetu mvua ikipiga halafu jua likatoka, unafunga ukoko. Mvua inayofuata inateleza tu kwenda korongoni. Na wengi bado tunaberega, yaani mbegu imeingia kwenye ardhi ambayo haijatifuliwa. Kwa hiyo palizi ya kwanza ya jembe ina kazi mbili: inatoa gugu na inavunja ukoko maji yaingie. Kwa mvua ya milimita mia tano na kitu kwa msimu mzima, hiyo kazi ya pili huenda ndiyo kubwa kuliko ya kwanza. Moto hauifanyi. Shamba litaonekana safi huku mtama una kiu.

Halafu kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama. Umesema kipo. Kile kinapochomoza na kuonekana, kimeshafyonza mizizi wiki nyingi chini kwa chini, kwa hiyo kukibabua ni kuzuia mbegu za mwakani tu, na kung'oa kabla hakijatoa maua kunatosha. Bora utafute mbegu inayokihimili. Hakika na Wahi zilitolewa 2002 kwa ajili hiyo hiyo. Ulizia TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo.

Na kuna hesabu ya mtungi. Mashine za trekta zikibabua shamba zima zinakula kilo 40 hadi 60 hivi za gesi kwa hekta, tuseme kilo 20 kwa eka. Mtungi wa kilo 15 haumalizi eka moja, kwa kupita mara moja tu, na kwa mkono utatumia zaidi. Tuta la mita moja kwa kumi, kwa kiwango hichohicho, ni gramu 50. Hata ukizidisha mara tatu kwa sababu ya mkono, ni kitu kidogo. Hela ya gesi ya mtama mpelekee mwenye maksai na jembe la palizi, ila panda kwa mstari wapate pa kupita.

Vifaa: ulizia tochi wanayotumia mafundi wanaobandika lami juu ya paa za zege. Hapa mjini tangu ujenzi ushike kasi hazikosekani. Regulata ya jiko haifai, presha yake ni ndogo. Nunua ya presha kubwa inayorekebishika, na mpira mrefu wa gesi, mita tano na kuendelea. Viungo vyote vipake povu la sabuni kabla ya kuwasha. Mtungi ukae wima kwenye toroli, nyuma yako. Ukiona mtungi umeanza kutoka jasho baridi na kuganda barafu kwa nje huku moto unafifia, gesi inatoka kwa kasi kuliko mtungi unavyoweza kupata joto. Pumzika au badilisha na mwingine, usiulaze wala kuupindua.

Muda mzuri kwangu ni saa tatu hadi saa nne asubuhi, unyevu umeshapungua na ule upepo wetu wa kiangazi haujachachamaa. Upepo ukipeperusha majani makavu, ahirisha. Mabua na nyasi kavu fagia mbali, ndoo mbili za maji ziwe karibu, nguo za pamba na buti, kandambili hapana. Na mjulishe jirani wa shamba mapema, maana akiona moto kiangazi atakuja mbio na mtendaji.