Jibu: Ishara zinaingiaje mahakamani?

Mkuu, umeuliza ishara zinahusianaje na sheria wakati sheria ni maandishi. Tazama kesi ya Texas dhidi ya Johnson. Mwaka 1984, wakati wa mkutano wa chama cha Republican mjini Dallas, jamaa huyo Johnson alichoma bendera ya Marekani, akahukumiwa mwaka mmoja jela. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ikampa ushindi, kura 5 kwa 4: kuchoma kule kulikuwa kusema jambo, hivyo kunalindwa na katiba. Utamu uko hapa (mimi hunichekesha kila mara): bendera iliyochakaa, utaratibu wa heshima kule ni kuichoma. Moto ule ule, kitambaa kile kile. Kilichompeleka kizimbani ni maana tu.