Chupa imeandikwa Thuja 30C: je, inatosha badala ya chanjo ya mlango wa kizazi?

SWALI: Sista, habari za kazi. Binti yangu ana miaka 11 na shuleni wametuletea taarifa ya chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Jirani yangu ananiambia nisikubali, nimpe vidonge vya homiopathi, vile vidogo vyeupe vitamu. Chupa imeandikwa Thuja 30C. Yeye alikuwa na masundosundo sehemu za siri, akavitumia miezi kadhaa, yakaisha. Je, vinazuia HPV? Naweza kumpa mtoto vyote viwili? Na mimi wa miaka 38 nifanyeje?
Mama wa Makorora, Tanga

JIBU: Nzuri, dada. Mpeleke binti akachanjwe. Vidonge hivyo havizuii HPV, yaani virusi vinavyoleta masundosundo na saratani hiyo. Nitakueleza kwa nini, maana sidhani jirani yako anakudanganya. Masundosundo yalimwisha kweli, ila dawa aliyoipa sifa siyo iliyoyamaliza.

HPV huambukizwa kwa kugusana ngozi kwa ngozi, hasa katika kujamiiana. Ndiyo maana kondomu hupunguza hatari lakini haiimalizi. Watu wengi waliowahi kujamiiana huvipata virusi hivi wakati fulani bila kujua, na kati ya kila 10 wanaovipata, kama 9 hivi miili yao huvimaliza yenyewe ndani ya miaka 2. Masundosundo nayo mara nyingi hunywea yenyewe. Sasa mtu akitumia chochote katika miezi hiyo, kiwe vidonge, maji ya mwarobaini au hata soda, atapona na atakisifu alichokunywa. Dawa yoyote ya ugonjwa unaojiondokea ina mashahidi wengi, na wote wanasema kweli walichokiona.

La pili ni kwamba HPV si moja. Zipo aina zaidi ya 200. Masundosundo karibu yote huletwa na aina ya 6 na ya 11, ambazo si za saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo zilizo nyuma ya takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi, na hizo hazioteshi kinyama, haziwashi wala haziumi. Zikibaki mwilini, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 mpaka saratani kutokea. Kwa mwenye kinga dhaifu, mathalani anayeishi na VVU bila dawa, miaka 5 hadi 10. Kwa hiyo kuisha kwa masundosundo hakumwambii jirani yako lolote kuhusu mlango wake wa kizazi. Mtu anaweza kubeba aina zote mbili kwa pamoja, akaona moja imeondoka, akalala usingizi.

Tuje kwenye ile 30C. Hapa kwetu wengi wanadhani homiopathi ni mitishamba. Sivyo. Mganga wa mitishamba anakupa majani yenyewe, uchungu wake unauonja. Homiopathi, aliyoianzisha daktari Mjerumani Samuel Hahnemann mwaka 1796, inafanya kinyume: inazimua. Unachukua tone moja la dawa ya mti wa Thuja, unalichanganya na matone 99 ya maji au spiriti, unatikisa. Hiyo ni C moja. Katika mchanganyiko huo unachukua tena tone moja, unatia kwenye matone mengine 99. C ya pili. Ukirudia mara 30 ndipo unapata 30C, kisha unadondoshea kwenye vidonge vya sukari. Tone moja likichanganywa na maji ya bahari zote za dunia, si hii ya Raskazone peke yake, lingefika kwenye C ya 13 hivi. Chupa ya jirani yako imepita hapo, ikazimuliwa mara 17 zaidi. Ndani hamna Thuja tena, imebaki sukari.

Simdharau mtu. Sheria yetu ya mwaka 2002 inatambua tiba asili na tiba mbadala, na Baraza lake husajili watoa huduma. Lakini usajili ni wa mtu na kazi yake. Hauthibitishi kwamba kidonge fulani kinazuia virusi. Na wala si kwamba hospitali tunaidharau miti: paklitaxeli, dawa tunayotumia kwa saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa, ilipatikana kwanza kwenye gome la mti wa Marekani. Ila ile imepimwa, na kipimo chake kinajulikana hadi miligramu.

Chanjo inafanyaje kazi? Ina maganda tu ya virusi, yaliyotengenezwa maabara, bila vinasaba ndani, kwa hiyo haiwezi kuambukiza. Mwili unalizoea ganda, unatengeneza kinga, na virusi halisi vikija vinakuta walinzi mlangoni. Haifukuzi virusi vilivyokwisha kuingia, ndiyo sababu inatolewa kwa mabinti kabla hawajaanza kujamiiana. Si kwamba tunawatuhumu watoto! Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa dozi mbili. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Uamuzi wa dozi moja una mkono wa kwetu pia: utafiti mmojawapo muhimu ulifanyika Mwanza kwa wasichana 930. Anayeishi na VVU huhitaji zaidi ya dozi moja, mzazi aseme mapema. Mkono utauma siku moja mbili, na wengine huzimia kwa woga wa sindano, kwa hiyo ale kwanza na akae dakika 15 baada ya kuchomwa. Haiharibu kizazi.

Vyote viwili? Vidonge vya sukari havitaiharibu chanjo. Ninachokiogopa ni mtu kuvitumia, akaona yuko salama, akaacha kuja.

Wewe wa miaka 38 kinachokufaa ni kupimwa. Njoo siku ambayo hauko hedhini, hospitali ya Bombo au kituo cha afya chenye huduma hiyo. Utalala kitandani, tutaingiza kifaa cha kufungulia njia, tutapaka siki nyepesi kwa pamba kwenye mlango wa kizazi na kusubiri dakika moja. Penye mabadiliko ya awali panageuka peupe, na kama panafaa tunapatibu siku hiyohiyo kwa tiba mgando (kupagandisha kwa baridi kali) au kifaa cha joto, kabla hapajawa saratani. Majibu yakiwa mazuri unarudi baada ya miaka 3. Wanaoishi na VVU huanza mapema, na hurudi mara kwa mara zaidi. Binti yako naye, ingawa amechanjwa, akifika 30 apimwe, kwa sababu chanjo haizuii aina zote. Jirani kama hajawahi kupimwa, njoo naye.

Ila ukiona damu baada ya tendo la ndoa, au katikati ya mwezi, au uchafu wenye harufu kali usioisha, usingoje siku ya kliniki wala usijaribu chupa yoyote kwanza. Njoo kesho asubuhi.